Watoto wa Babati na Magofu ya Pwani

Mtoto wa Babati akiulizwa ni mahali gani pa kale angependa kupazuru, hutaja Bagamoyo, au Kilwa, au Unguja. Amesoma kitabuni habari za misikiti ya mawe, ngome na majahazi, naye hutamani kuyaona hayo kwa macho yake. Tamaa hiyo ni njema, wala hapana sababu ya kumzuia. Lakini akiulizwa tena, je, karibu na kwenu hapana mahali pa kale? hunyamaza, au hujibu kwamba kwao hapana kitu. Jibu hilo la pili ndilo baya. Mtu asiyeona kitu kwao, hata akifika Kilwa ataona mawe tu.

Yafaa basi kwanza kutazama hayo mawe ya Kilwa, ili ijulikane yana maana gani kwa mtoto wa bara. Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo upande wa kusini wa pwani ya Tanzania, katika mkoa wa Lindi. Hapo pana msikiti mkuu wa kale, ulioongezwa sana katika karne ya 14, wenye nguzo nyingi na kuba. Mbali kidogo na mji wa kale, juu ya mwamba unaotazama bahari, yapo magofu ya jumba liitwalo Husuni Kubwa. Sultani al-Hasan bin Sulaiman ndiye aliyelijenga, nalo lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea lenye pembe nane. Mwaka 1331 msafiri mmoja kutoka Moroko, jina lake Ibn Battuta, alifika Kilwa akausifu mji ule kwa uzuri wake. Mwaka 1505 Wareno walikuja na merikebu zao za vita wakaupiga na kuuteka.

Mambo hayo mwanafunzi huyakariri vizuri kwa ajili ya mtihani. Lakini ni wachache wanaouliza swali lililo la maana kuliko yote, nalo ni hili: sultani huyo alipata wapi mali ya kujengea jumba lenye vyumba 100? Mwamba wa kisiwa hautoi dhahabu. Dhahabu ya Kilwa ilitoka bara, mbali sana upande wa kusini, katika nchi za juu za Zimbabwe. Ikateremshwa mpaka bandari ya Sofala, ikapandishwa majahazini. Pembe za ndovu nazo zilitoka bara. Watu wa Kilwa walikuwa hodari wa biashara na wa ujenzi, hapana shaka, lakini nusu ya habari ya jumba lile imo katika nchi za bara, mikononi mwa watu waliochimba na kuwinda na kuchukua mizigo, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mtoto wa bara asimamapo mbele ya Husuni Kubwa si mgeni kabisa.

Tena habari ya Kilwa haikomi pwani hii. Wafalme wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu kadha katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi ile, na baadaye wataalamu walipozichunguza waliona kwamba tano kati yake ni za Kilwa. Zilifikaje huko, ng'ambo ya bahari kuu? Wataalamu wamekisia mengi, wala hawajapatana. Swali kama hilo lafaa kuwekwa moyoni mwa mtoto kabla hajapanda basi, maana ndilo litakalomfanya ainame na kutazama chini anapotembea katika mji wa kale, badala ya kukimbilia kivuli.

Bagamoyo nako ni vivyo hivyo. Kusini ya mji, mwendo mfupi, yapo magofu ya Kaole, yenye misikiti miwili na makaburi, na msikiti ulio wa zamani zaidi husemwa kuwa wa karne ya 13. Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu za mawe, na katika nguzo hizo zamani vilipachikwa vyombo vya kauri vilivyotoka China. Leo mtazamaji huona shimo la mviringo tu mahali palipokuwa na bakuli. Mtoto mwenye akili huuliza mara mbili: liliingiaje hapa bakuli la China, na limetokaje? Jibu la swali la kwanza ni habari ya upepo wa kaskazi na kusi na ya majahazi. Jibu la swali la pili ni la aibu zaidi, nalo litarudiwa hapa chini.

Ndani ya mji wenyewe wa Bagamoyo wageni wengi huonyeshwa majengo ya Wajerumani, ambao waliufanya mji huo makao yao makuu hata mwaka 1891. Majengo hayo yatazamwe. Ni sehemu ya habari. Lakini mwanafunzi wa bara ataona jambo kubwa zaidi akienda misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868. Hapo, katika mwezi wa Februari mwaka 1874, uliwekwa mwili wa Daktari Livingstone kwa muda mfupi kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa London. Alifia mbali, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Waliouchukua mwili ule kwa miguu muda wa miezi mingi, kupita porini na mitoni na katika vijiji vilivyowaogopa kwa sababu ya maiti, walikuwa Waafrika, na wakuu wao wakiitwa Susi na Chuma. Livingstone hujulikana na watoto wote. Susi na Chuma hujulikana na wachache. Aliyefika Bagamoyo akarudi nyumbani bila kuwajua hawa wawili, nauli yake imepotea.

Sasa yatazamwe yale mabakuli. Watu wengi hudhani kwamba mahali pa kale hulindwa na serikali, au na ukuta, au na kibao kilichoandikwa kwa herufi kubwa. Vitu hivyo husaidia. Lakini mabakuli ya makaburi hayakubanduliwa na Wareno wala na tufani peke yake. Katika pwani yetu yote mengine yalibanduliwa na mikono ya watu waliopita karibu, mmoja leo na mwingine kesho, kila mmoja akisema moyoni kwamba bakuli moja si kitu. Vivyo hivyo mawe ya kuta za kale yalichukuliwa kujengea nyumba mpya au kuchomwa kuwa chokaa. Hawakuwa watu waovu kuliko wengine. Walikuwa majirani wasioambiwa kwamba kitu kile ni chao.

Kwa upande mwingine, Kilwa imeonyesha kwamba majirani waweza kuokoa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliandikwa mwaka 1981 katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO. Mwaka 2004 yaliandikwa katika orodha nyingine, ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa ikila ufuo na kuta zilikuwa zikianguka. Ikafanywa kazi ya miaka mingi ya kutengeneza kuta na kuhifadhi ufuo, na wenyeji wa kisiwa wakashirikishwa, hata mwaka 2014 jina la Kilwa likaondolewa katika orodha ile ya hatari. Unguja haikuwa na bahati hiyo kwa Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka, katikati ya mji, mbele ya bustani ya Forodhani ambako watu hukaa jioni kula na kupunga upepo. Jumba mashuhuri kuliko yote mjini lilikuwa mbele ya macho ya watu kila siku, na bado lilianguka. Kutazama kila siku si sawa na kuzuru.

Hapa ndipo mtoto wa Babati anapoingia. Yeye hatalinda Kilwa. Kilwa ina watoto wake. Je, yeye analinda nini?

Wako wasemao kwamba Babati ni mji mpya wa barabarani, kituo cha mabasi na malori kati ya Arusha na Dodoma, na kwamba ulipata heshima mwaka 2002 tu, ulipofanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara. Maneno hayo ni kweli kwa nyumba za bati na maduka. Si kweli kwa nchi. Mtu akisimama penye ziwa asubuhi aona mbele yake mambo mengi ya kuuliza. Aona ziwa lenyewe, la maji baridi, na viboko vyake, ambavyo havina desturi ya kutoka mbali na maji mchana lakini usiku hupanda kula majani, na kwa hiyo mwenyeji hujua saa ya kupita na saa ya kukaa nyumbani. Aona Mlima Kwaraa na msitu wake upande wa pili. Aona mashamba yaliyosogea hata karibu na ukingo wa ziwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza kazi za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, kwa kuwa udongo ukilimwa hapo huchukuliwa na mvua ukajaza maji. Darasa lenye kamba iliyopimwa laweza kwenda kuhesabu mita hizo 60 kwa mkono wake mwenyewe, na kuona ni nini kilicho ndani yake. Hilo ni zuru la nusu siku, bila nauli. Bustani za mijini, kama Forodhani ya Unguja au Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam, zilipimwa na kupandwa na watu. Babati imepewa ufuo wake bure, na kazi iliyobaki ni kutouharibu.

Sokoni nako pana jambo la kale lisiloandikwa juu ya jiwe. Katika nchi hii, tangu Babati hata Kondoa na kuendelea, watu huishi pamoja ambao lugha zao hazina undugu. Kirangi ni lugha ya Kibantu. Kigorowa na Kiiraqw ni za jamii ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali. Kibarbaig ni ya Kinailoti. Na upande wa kusini magharibi, Kondoa, wako Wasandawe, ambao lugha yao ina sauti za kudatisha ulimi. Ni mahali pachache sana katika Afrika ambapo jamii nne namna hiyo zinakutana katika nchi iliyo ndogo hivi. Wataalamu husafiri kutoka Ulaya kuja kusikiliza jambo ambalo mtoto wa Babati hulisikia akitumwa kununua chumvi.

Hata njia ile ya pwani ilifika huku. Katika karne ya 19 Kondoa ilikuwa kituo cha misafara, na wafanya biashara kutoka pwani walikaa huko wakajenga. Baadaye, katika vita kuu ya kwanza, mwezi wa Aprili 1916, jeshi la Jenerali van Deventer lilishuka kutoka kaskazini katika mvua kubwa, likapitia nchi ya Ufiome, ambayo ndiyo nchi ya Babati, likauteka mji wa Kondoa. Na mwezi wa Mei Wajerumani wakaja kushambulia wasiweze kuurudisha. Farasi wengi walikufa njiani kwa maradhi na taabu. Barabara ya lami wapitayo wasafiri wa leo, wakisinzia ndani ya basi, hufuata nchi ile ile.

Lakini mahali palipo pakubwa kuliko hapo pote ni Kolo.

Kolo ni kijiji katika wilaya ya Kondoa, kando ya barabara hiyo, kadiri ya kilometa 80 kusini ya Babati. Katika milima ya upande ule iko miamba iliyochorwa na watu wa zamani sana. Mahali palipochorwa hukadiriwa kuwa kati ya 150 na 450, nazo picha zilizo kongwe zimepita miaka elfu mbili. Nyingi ni za rangi nyekundu: watu warefu wembamba, wengine wakiwa na vichwa vilivyopambwa ajabu; tembo, twiga, pofu. Juu yake, mahali pengine, zipo za rangi nyeupe, nzito zaidi, ambazo husemwa kuwa za wakulima waliokuja nyuma. Wale wa rangi nyekundu walikuwa wawindaji, na wataalamu wengi wanaona kwamba Wasandawe wana uhusiano nao. Mwaka 1937 serikali ilizitangaza picha hizo kuwa kumbukumbu za taifa. Mwaka 1951 mtaalamu Mary Leakey alikaa huko akizinakili moja moja, na mwaka 1983 akatoa kitabu chake, ambacho jina lake lina maana ya sanaa ya Afrika inayotoweka. Mwaka 2006 UNESCO iliziandika katika urithi wa dunia, pamoja na Kilwa na Unguja.

Basi mtoto wa Babati ana urithi wa dunia mwendo wa saa chache kutoka mlangoni pake, na picha zake ni za zamani kuliko msikiti wowote wa Kilwa. Wengi hawajapaona. Baadhi ya walimu wao hawajapaona.

Na jina la kitabu kile si maneno ya bure. Jua na mvua huzifuta picha polepole, na hilo ni vigumu kulizuia. Lakini wako waliochimba chini ya miamba ile wakitafuta mali, wakiamini kwamba Wajerumani waliizika huko wakati wa vita. Hawakuchimbua dhahabu. Walichimbua na kutawanya udongo wa maelfu ya miaka, ambao ndani yake mlikuwa na mawe yaliyochongwa na mifupa, yaani vile vitu ambavyo vingeweza kumwambia mtaalamu picha zilichorwa lini na wachoraji walikula nini. Udongo uliokwisha pinduliwa haurudishwi ulivyokuwa. Wengine wameandika majina yao kwa mkaa juu ya mwamba. Ni yale mabakuli ya Kaole mara ya pili, isipokuwa huku kazi ya kubandua haijakwisha, na bado liko la kuokoa.

Jambo moja la Kolo lataka busara zaidi. Mahali paitwapo Mungomi pangali na heshima kwa wenyeji. Wako wazee waliokuwa na waendao huko kuomba mvua na uzima, na katika tambiko hilo pombe imepata kunyunyizwa mahali palipo na picha. Watunzaji wa mambo ya kale waliona hatari kwa rangi, wakataka kuzuia. Wenyeji waliona wanafukuzwa katika mahali pa babu zao. Si haki kuwacheka wazee hawa. Kama si wao kupahesabu mahali pale kuwa pakuu, vizazi kwa vizazi, huenda miamba ingalipasuliwa zamani kuwa kokoto. Lakini rangi nayo haitengenezwi mara ya pili. Shauri jema ni la kukaa pamoja, watunzaji na wazee, na kupatana wapi pa kunyunyizia na wapi pa kutazama tu. Na kijana aliyezuru akafahamu pande zote mbili atafaa kuwa mpatanishi kuliko afisa aliyetumwa kutoka mjini.

Wazazi wengine hupinga safari zote. Husema mtoto apelekwe shule kusoma, si kutembea. Na mwalimu hana haki ya kudai nauli wakati sare na madaftari hayajatimia. Neno hili lina uzito, na mwalimu asilipuuze. Safari ya Kilwa kutoka Babati ni ya siku nyingi na gharama kubwa, nayo huwaacha nyuma watoto wa maskini, wakibaki kutazama wenzao wakipanda basi. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuanzia karibu. Ziwani huenda darasa zima. Kolo huweza kwenda darasa zima katika siku moja na kurudi, kama kijiji kikichangiana. Pwani iwe ya mwisho, kwa watakaoweza, na wakirudi wawasimulie waliobaki. Na hao waliobaki hawatakuwa watu wasio na la kusimulia, maana nao wameona ya kwao.

Wengine husema kwamba watoto wakipelekwa hucheza tu. Ndivyo ilivyo wakipelekwa bila swali. Mtoto apewe swali moja kabla ya kuondoka, la kwake mwenyewe, lisilojibiwa kitabuni: katika mwamba huu mnyama gani hayumo, naye yupo porini leo? Nani katika kijiji ajua jina la kilima hiki, na lina maana gani kwa Kirangi au kwa Kigorowa? Mtoto aliye na swali hana nafasi ya kuandika jina lake ukutani.

Waendao Kolo huanzia katika ofisi ya mambo ya kale iliyo kijijini, kando ya barabara, wakalipa ada na kupewa kiongozi. Kutoka hapo iko njia ya gari, kisha kupanda mlima kwa miguu katikati ya mawe, nayo huteleza wakati wa masika. Miezi ya Juni hata Oktoba ndiyo mikavu. Kila mtoto achukue maji yake, kalamu ya risasi na karatasi za kuchorea; asiguse rangi kwa kidole wala kuimwagia maji ili ing'ae, kama wafanyavyo wapiga picha wengine. Na jioni, gari likirejea Babati, liwashushe watoto mapema, kabla viboko havijatoka majini.